Kidonge cha TLD: tathmini ya mtu aliyeanzia kwenye dawa za zamani

Kopo jeupe la plastiki, kifuniko kinachobanwa kwanza ndipo kizunguke, na kijifuko kidogo cha kunyonya unyevu kilicholala juu ya vidonge: hicho ndicho anachokabidhiwa leo mtu mzima anayeanza matibabu ya VVU katika kliniki za CTC, yaani kliniki za huduma na matibabu ya VVU, nchini Tanzania, na ndicho ninachokifanyia tathmini hapa. Kidonge chenyewe ni cheupe na kirefu kidogo. Ndani yake zimo dawa tatu, yaani tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50, na ndiyo maana dirishani kinaitwa TLD. Humezwa kimoja kwa siku, ukiwa umekula au hujala, na katika kituo cha umma mtu halipii.

Ninaandika nikiwa mtumiaji. Nilianza dawa mwaka 2006 nikiwa mkoani Njombe, nikapitia michanganyiko mitatu kabla ya huu, na tangu mwaka 2019 ninatumia TLD. Kwa miaka kadhaa nimekuwa pia mshauri rika katika kliniki ninayohudhuria, kwa hiyo nimekaa kando ya watu wengi katika siku yao ya kwanza. Maoni yangu niyaseme mapema: katika dawa zote nilizowahi kupewa, hii ni ya kwanza inayomfuata mtu alipo badala ya kumtaka mtu aifuate yenyewe. Ina kasoro zake, nami nitazitaja, lakini kasoro inayowaumiza wateja zaidi ni uchache wa maelezo yanayotolewa pamoja nayo.

Ili msomaji anayeanza leo aelewe kwa nini ninaisifu, lazima nieleze tulikotoka. Mwaka 2006 CD4 zangu, yaani chembe za kinga ya mwili, zilikuwa 87, na wakati huo mtu alisubiri zishuke chini ya 200, au augue sana, ndipo aanzishiwe dawa. Nilipewa stavudini, lamivudini na nevirapini. Kwa siku 14 za mwanzo nevirapini ilimezwa mara moja kwa siku ili ngozi na ini viizoee, kisha ikawa mara mbili, saa moja asubuhi na saa moja jioni, na ukichelewa shambani au safarini moyo unakwenda mbio. Dawa hizo ziliniinua kitandani, na sitazisema vibaya bila kukiri hilo kwanza. Lakini baada ya mwaka mmoja na nusu stavudini ilianza kunichoma nyayo. Katika baridi ya Njombe ya mwezi wa saba, ambapo watu hulala na soksi, mimi nililala na miguu nje ya blanketi kwa sababu hata uzito wa shuka ulikuwa unauma. Mashavu yakabonyea, mishipa ya miguu ikajitokeza, na watu wakawa wanatambua hali yangu kwa kunitazama tu usoni, hata kabla sijaamua nani nimwambie na nani nisimwambie. Dawa iliyoniokoa ndiyo hiyo hiyo iliyonitangaza.

Mwaka 2010 nilihamishiwa zidovudini badala ya stavudini, nyayo zikapoa, na kazi ikawa kufuatilia wingi wa damu, kwa kuwa zidovudini huweza kusababisha upungufu wa damu. Mwaka 2014 nikapewa TLE, kidonge kimoja cha usiku chenye tenofoviri, lamivudini na efavirenzi. Kwangu kumeza kidonge kimoja kwa siku kulikuwa kama sikukuu. Hata hivyo efavirenzi ilikuwa na usiku wake: kizunguzungu cha kushika ukuta ukienda chooni, na ndoto zilizo wazi mno, za kutisha, ambazo unaamka nazo na kushinda nazo. Tuliambiwa tusiimeze baada ya chakula chenye mafuta mengi, maana mafuta huongeza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini na madhara huzidi. Nilimfahamu dereva wa bodaboda aliyefanya kazi usiku ambaye alikuwa akiruka dozi kila alipopata abiria wengi, kwa sababu hakuthubutu kuendesha akiwa amelewa dawa. Kliniki ilimwandika kuwa mtumiaji mbaya wa dawa. Nilivyomjua mimi, alikuwa anajitahidi abaki hai barabarani.

Dereva huyo leo anameza TLD saa mbili asubuhi akirudi kazini, kabla hajalala, na vipimo vyake ni vizuri. Hii ndiyo sifa ya kwanza ya dawa hii. Haichagui saa. Inachotaka ni saa ile ile kila siku, na saa hiyo anaichagua mtu mwenyewe kufuatana na kazi yake.

Wanaoanza huniuliza kwa nini dawa tatu wakati mtu anaumwa ugonjwa mmoja. Kirusi cha UKIMWI hujinakili kwa haraka na kwa makosa mengi, na miongoni mwa nakala hizo zenye makosa hutokea baadhi ambazo dawa moja haiziwezi. Zidovudini ilipoidhinishwa mwaka 1987 ilitumika peke yake, ikasaidia kwa muda, kisha usugu ukajitokeza. Ni mwaka 1996, pale matokeo ya mchanganyiko wa dawa tatu yalipowekwa wazi kwenye mkutano wa Vancouver, ndipo vifo vilipoanza kupungua katika nchi zilizomudu kuzinunua. Ndani ya TLD kazi imegawanywa. Tenofoviri na lamivudini hujipenyeza kirusi kinapogeuza vinasaba vyake, zikijifanya kuwa vipande vya kawaida vya ujenzi, na uzi wa kinasaba ukishavichukua hauwezi kuendelea. Dolutegraviri husubiri mbele zaidi: huzuia kile ambacho kimeponyoka kisipachikwe ndani ya vinasaba vya seli yetu. Nakala moja ya kirusi kuzishinda zote tatu kwa wakati mmoja ni jambo gumu sana, ilimradi zote tatu ziwe mwilini kila siku.

Sifa ya pili ni kasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliolinganisha mchanganyiko wenye dolutegraviri na ule wenye efavirenzi kwa watu 833 wanaoanza matibabu, nusu ya waliopata dolutegraviri walikuwa wameshusha virusi hadi chini ya nakala 50 katika mililita moja ya damu ndani ya siku 28, wakati kundi la efavirenzi lilihitaji siku 84. Tofauti hiyo si ya wasomi peke yao. Kwa mama aliyegundulika akiwa na mimba ya miezi saba, siku hizo 56 ndizo zinazoamua atajifungua akiwa na virusi vingi au vichache. Utafiti mwingine uliofanyika Yaoundé, Kamerun, kwa watu 613, uliikuta dolutegraviri haijazidiwa na efavirenzi hata katika mazingira yanayofanana na yetu, ambako watu wengi huanza dawa wakiwa na virusi vingi sana.

Sifa ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni ugumu wa dolutegraviri kushindwa. Efavirenzi na nevirapini zinaweza kuporomoka kwa badiliko moja tu katika kirusi, na kabla TLD haijaenea nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimepima na kukuta kwamba zaidi ya mtu 1 kati ya 10 wanaoanza tayari ana kirusi sugu kwa kundi hilo la dawa. Kumpa mtu wa namna hiyo TLE ni kumwanzishia matibabu ambayo yameshaharibika. Dolutegraviri husamehe zaidi. Sisemi hivyo ili mtu aruke dozi, kwa maana usugu dhidi yake upo na unafuatiliwa; nasema hivyo kwa ajili ya yule aliyekosa siku mbili kwa sababu ya msiba na anadhani kila kitu kimekwisha. Hakijakwisha, rudi kwenye dozi yako leo.

Hapa lazima nisimame kwenye jambo la akina mama, kwa sababu athari yake bado naiona. Mwezi Mei 2018 watafiti nchini Botswana walitangaza kwamba kati ya watoto 426 waliozaliwa na mama waliokuwa wakitumia dolutegraviri tangu kabla ya kushika mimba, 4 walikuwa na kasoro ya kutofunga kwa uti wa mgongo au fuvu. Ilikuwa haki kutangaza. Kilichofuata ni kwamba katika nchi kadhaa wanawake wote wa umri wa kuzaa waliambiwa wabaki kwenye efavirenzi, akiwemo asiyetaka mtoto tena na aliyefunga kizazi, huku wanaume wakihamishiwa dawa bora. Julai 2018 wanawake wa Kiafrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali wakadai waelezwe hatari na faida, kisha waachiwe kuchagua wenyewe. Walikuwa sahihi. Watafiti wale wale wa Botswana waliendelea kuhesabu, na kadiri watoto waliohesabiwa walivyoongezeka, tofauti ilipungua: mwaka 2019 ilikuwa watoto 5 kati ya 1,683, na kufikia mwaka 2022 hapakuwa tena na tofauti yoyote ya maana kati ya dolutegraviri na dawa nyingine. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko wenye dolutegraviri uwe chaguo la kwanza kwa wote, wakiwemo wajawazito. Lakini mpaka leo huja dada kwenye benchi letu akaninong'oneza kwamba amesikia dawa hii inaharibu watoto, na anayemwambia hivyo ni mtu aliyesikia nusu ya habari mwaka 2018 bila kufikiwa na nusu ya pili.

Sasa kasoro. Wiki za mwanzo baadhi ya watu hukosa usingizi au huumwa kichwa. Ukiwa mmoja wao, hamishia dozi asubuhi, na mara nyingi hali hutulia. Uzito huongezeka. Utafiti wa Johannesburg uliohusisha watu 1,053 ulionyesha hivyo, wanawake wakiongezeka kuliko wanaume, na nimeona hivyo kwa macho yangu pia. Mtu aliyekuwa amekonda kwa ugonjwa hufurahi mwanzoni, kisha mwaka wa pili anaanza kuhangaika na shinikizo la damu. Mwaka 2020 madaktari wa Kampala waliripoti wagonjwa waliopandwa sana na sukari baada ya kuanza dolutegraviri, baadhi yao ndani ya miezi michache. Ni wachache, lakini mwenye kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara asikae nyumbani akidhani ni joto, aende apimwe. Tenofoviri kwa upande wake huhitaji figo zenye afya, kwa hiyo kipimo cha kreatinini, taka ya damu inayoonyesha hali ya figo, kinapaswa kufanyika. Dolutegraviri yenyewe hupandisha kreatinini kidogo bila kuumiza figo, jambo ambalo mhudumu akilisahau anaweza kumtoa mtu kwenye dawa nzuri bila sababu.

Tatizo ninalokutana nalo kila wiki, hata hivyo, ni dawa zinazomezwa pamoja na TLD. Mwaka jana mama mmoja mjamzito alinionyesha jinsi anavyokunywa dawa zake: alfajiri, kabla ya chai, anaweka kiganjani TLD na FEFO, kidonge cha madini ya chuma cha kuongeza damu, anazimeza kwa mkupuo mmoja ili asisahau. Alikuwa anajitahidi kuliko wengi wetu. Hakuna aliyemwambia kwamba madini ya chuma hung'ang'ania dolutegraviri tumboni na kuizuia isifyonzwe. Njia ni rahisi: azimeze zote mbili wakati wa chakula, au kama tumbo ni tupu, TLD itangulie kwa saa 2 au ifuate saa 6 baada ya vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu. Vidonge vya magnesiamu vya kiungulia, ambavyo kila duka la dawa linauza bila kuuliza swali, havirekebishwi na chakula; hivyo ni lazima vitenganishwe kwa saa hizo hizo. Mwenye kisukari anayetumia metformini amwambie daktari, kwa kuwa dolutegraviri huongeza kiasi cha metformini mwilini na dozi ya siku haitakiwi kuzidi miligramu 1,000. Mwenye kifafa anayetumia kabamazepini au fenitoini aseme pia, maana hizo hushusha nguvu ya dolutegraviri.

Kifua kikuu nikitaje peke yake, kwani wengi hugundulika na magonjwa yote mawili kwa pamoja. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huifanya dolutegraviri iondoke mwilini upesi. Kwa hiyo mgonjwa huongezewa kidonge cha dolutegraviri peke yake, miligramu 50, saa 12 baada ya TLD, na huendelea nacho hadi wiki 2 baada ya kumaliza dawa za kifua kikuu. Ukipewa dawa za TB na kopo la TLD bila kikopo hicho cha pili, usiondoke dirishani. Uliza.

Kuhusu huduma yenyewe, sitaitaja kliniki kwa jina. Mwaka 2019 nilipobadilishiwa dawa, niligundua mwenyewe nikiwa nyumbani, baada ya kuona kopo si lile nililolizoea. Mfamasia alikuwa ameniambia tu, "Hii ndiyo mpya, kunywa kama ile." Jirani yangu wa benchi alidhani amepewa dawa ya majaribio, akaendelea na masalia ya TLE mpaka yakaisha, kisha akakaa wiki tatu bila chochote. Dakika tano za maelezo zingetosha. Tangu hapo kliniki yetu imebadilika. Siku hizi mteja mpya huitwa chumbani, huulizwa anakula saa ngapi, analala na nani, anatumia dawa gani nyingine, na kama yuko tayari anaweza kuanza siku ile ile aliyopimwa. Aliye na dalili za homa ya uti wa mgongo hucheleweshwa kwa makusudi, kwa sababu kinga ikiamka ghafla katika hali hiyo inaweza kumdhuru. Mteja aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu au sita, na nauli iliyokuwa ikienda kila mwezi sasa inabaki nyumbani.

Kopo lina kelele. Ukilitia mkobani na kupanda basi, vidonge vinapiga kama njuga, na kila aliyewahi kutumia dawa hizi anaijua sauti hiyo. Watu huhamishia vidonge kwenye mifuko ya nailoni ili wasisikike, na unyevu unavipata. Nawashauri waweke pamba safi juu ya vidonge ndani ya kopo lile lile, bila kuondoa kile kijifuko cha kunyonya unyevu. Maandishi ya makopo yote niliyowahi kupewa ni ya Kiingereza. Kwa dawa inayomezwa kila siku maisha yote na watu wanaosoma Kiswahili, hilo linapaswa kurekebishwa, na sioni sababu ya kulisubiri.

Bei nayo ni sehemu ya ubora wake. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilipotoa mchanganyiko wa dola 350 kwa mtu kwa mwaka, dunia ilishtuka, kwa sababu dawa zenye chapa zilikuwa zikigharimu dola zaidi ya 10,000. Mwaka 2014 ViiV Healthcare, mwenye hataza ya dolutegraviri, aliingia mkataba na Medicines Patent Pool, shirika la kushirikiana hataza za dawa, ili viwanda vingine viruhusiwe kuitengeneza. Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kuitumia dolutegraviri ya viwanda hivyo mwaka 2017. Mwaka huo huo bei ya TLD ilikubaliwa kuwa karibu dola 75 kwa mwaka, na mwaka 2023 Mfuko wa Dunia, unaofadhili vita dhidi ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulitangaza kuipata kwa chini ya dola 45. Habari iliyonifurahisha kuliko zote ni ya mwaka 2025, pale Mfuko huo uliponunua TLD iliyotengenezwa Kenya na Universal Corporation, kiwanda kilichoko Kikuyu, na kuipeleka Msumbiji. Kwa miaka mingi niliyomeza dawa hizi, zilikuwa zinavuka bahari.

TLD haimfai kila mtu. Mwenye figo zilizoathirika hutafutiwa mchanganyiko usio na tenofoviri, na mtoto aliye chini ya kilo 30 hupewa dolutegraviri ya kipimo chake; kwa walio wadogo zaidi ni kile kidonge cha miligramu 10 kinachoyeyushwa kwenye maji, ambacho kimewaondolea akina mama vita vya kila asubuhi na ile dawa ya maji chungu ya zamani. Ulaya na Marekani wapo wanaoanza kwa dawa mbili tu, dolutegraviri na lamivudini, lakini sharti wapimwe kwanza homa ya ini aina ya B na wingi wa virusi. Kwetu, ambako wengi huanza bila kipimo hicho cha ini, tenofoviri ndani ya TLD inafanya kazi mbili, kwa sababu yenyewe na lamivudini hupambana pia na homa hiyo. Ndiyo maana mwenye homa ya ini B asiache TLD ghafla kwa uamuzi wake: ini linaweza kuchafuka vibaya.

Kwa anayeanza wiki hii, ninaipendekeza bila kusita. Mweleze mhudumu kila unachokitumia, vikiwemo vidonge vya magnesiamu na dawa za miti shamba. Kisha dai kipimo cha wingi wa virusi kitakapofika mwezi wa sita, kwa sababu virusi visipogundulika, humwambukizi mwenzako kwa njia ya kujamiiana, na hilo huwezi kulijua kwa kujitazama kwenye kioo. Tarehe ya kipimo hicho iandikwe kwenye kadi yako kabla hujatoka chumbani.